Kumwona si Kumfikia: Kutatua Mabishano ya Kulenga Uchawi Kwenye D&D

Mchezo umesimama. Mmoja kashika kitabu, mwingine kashika simu, na mchawi bado kainua mkono hewani. Ukiwasikiliza vizuri utaona wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, neno kulenga limebeba maswali matatu, na kila swali lina jibu lake. Kwanza, maandishi ya uchawi wenyewe yanaruhusu ulenge nini: kiumbe, kitu, au mahali tu? Pili, kati yako na unachokilenga pana njia wazi? Tatu, uchawi huo unadai umwone mlengwa?

Anayesema "namwona yule pale" anajibu swali la tatu. Anayesema "lakini kuna ukuta" anajibu la pili. Wanaweza kuvutana hadi adhana ya alfajiri na wote wakawa wanasema kweli. Kwa hiyo yapitieni maswali hayo kwa mpangilio huo huo kila mara, na msihamie la pili kabla la kwanza halijajibiwa.

Kabla ya yote: kitabu gani kiko mezani?

Dalili: watu wawili wanasoma uchawi ule ule kwa sauti na maneno hayalingani.

Toleo la tano lilitoka 2014, na kitabu cha mchezaji kikaandikwa upya 2024. Majina ya uchawi yalibaki, maneno mengi yakabadilika. Wanaosoma hati huru ya sheria kwenye simu nao waangalie namba yake: 5.1 inafuata sheria za 2014 na tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons, 5.2 ya mwaka 2025 inafuata sheria za 2024.

Kuna na chanzo kingine kilichojificha zaidi, nacho ni kumbukumbu. Mchezo huu ulianza kuchapishwa 1974, na sheria za zamani hupita mdomo kwa mdomo hata kwa watu ambao hawajawahi kuvishika vitabu vyake. Mtu akisema "sheria iko, nakumbuka" na hawezi kuionyesha, mara nyingi anakumbuka toleo jingine. Andika mwaka wa sheria mnazotumia kwa kalamu kwenye pembe ya karatasi ya ramani. Hapa chini, pasipotajwa mwaka, sheria ni ile ile katika matoleo yote mawili.

"Bwana, namwona kabisa! Mbona uchawi haufiki?"

Mchawi yuko uchochoroni. Adui yuko chumbani, nyuma ya dirisha la kioo lililofungwa. Anaonekana hadi vifungo vya kanzu. Mchawi anataka kumtupia Hold Person, uchawi wa daraja la pili unaomgandisha mtu palipo.

Swali la kwanza: Hold Person inalenga mtu, na huyu ni mtu. Sawa. Swali la pili: pana njia wazi? Hapana. Sheria inasema mlengwa asiwe nyuma ya sitara kamili, yaani kinga inayomfunika wote, na kizuizi chochote kizima ni sitara kamili, kiwe cha mawe au cha kioo. Kitabu hakikutaja kioo kwa jina, ndiyo maana ugomvi huu hauishi, lakini waandishi wa sheria walipoulizwa walijibu kwamba dirisha lililofungwa linahesabiwa. Swali la tatu halina haja tena ya kuulizwa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuvunja kioo: Fire Bolt inaruhusiwa kulenga kitu, kwa hiyo zamu hii lenga kioo, zamu ijayo lenga mtu. Ya pili ni Misty Step, inayokuhamisha hadi futi 30 kwenye nafasi tupu unayoiona. Hiyo inapita kioo bila tabu, kwa sababu unayelengwa ni wewe mwenyewe, na kati yako na wewe hapana ukuta.

Sasa ondoa kioo, weka dirisha la mbao za kimia kama zile za roshani za Mji wa Kale. Njia ipo, ila ni nyembamba. Hiyo ni sitara ya robo tatu: mlengwa anaongeza 5 kwenye namba ya deraya yake (ile ambayo shambulio lazima liifikie), na 5 kwenye dadu ya kujinusuru kwa wepesi (ile anayoirusha kukwepa madhara). Tundu la mzinga kwenye ukuta wa Fort Jesus ni vivyo hivyo. Ukuta mfupi wa baraza unaomfunika mtu hadi kiunoni ni sitara ya nusu, na nyongeza yake ni 2. Watu husahau kwamba hata kiumbe aliyesimama katikati, awe adui au mwenzako, anatoa sitara ya nusu. Mkijipanga kichochoroni mmoja nyuma ya mwingine, wa nyuma analipa hiyo 2 kila anaporusha shambulio la uchawi.

Kubishana kwa macho hakufai. Pima kwa uzi. Kipande cha mshipi wa kuvulia cha nusu mita kinatosha, na ni bora kuliko uzi wa cherehani kwa sababu hakilegei. Kwa ramani ya miraba, kitabu cha msimamizi (anayeongoza mchezo) cha 2014 kinaelekeza hivi: chagua pembe moja ya mraba wa anayeshambulia, kisha vuta mstari hadi kila pembe ya mraba mmoja wa mlengwa. Mistari minne. Ikizuiwa mmoja au miwili, ni sitara ya nusu. Ikizuiwa mitatu au minne na bado shambulio linaweza kupenya, ni robo tatu. Anayeshambulia ndiye anayechagua pembe, na hapa ndipo wachezaji wapya hupoteza haki yao: wanaanzia katikati ya mraba, au pembe iliyo karibu na mkono wao, wakati pembe ya upande wa pili ingewapa mistari yote minne safi. Jaribu zote kabla ya kuamua. Mshipi ukigusa tu ukingo wa nguzo bila kuikata, kubalianeni mapema unahesabiwaje. Ushauri wetu ni kwamba kugusa si kuzuiwa, na uamuzi huo uwahusu maadui pia.

Hapa pana uchawi mmoja uliozua vita virefu: Sacred Flame, mwali unaoshuka juu ya kiumbe unayemwona ndani ya futi 60. Maandishi ya 2014 yanasema mlengwa hapati faida ya sitara kwenye dadu ya kujinusuru, na wengi walisoma hapo kwamba unapita hata sitara kamili. Wamechanganya swali la pili na dadu inayokuja baadaye. Sitara kamili inakuzuia kulenga, hivyo dadu yenyewe haifikiwi. Maandishi ya 2024 yamefunga mlango huo kwa kutaja wazi sitara ya nusu na ya robo tatu peke yake.

Fireball imelipuka pasipotakiwa

Huu ndio uchawi unaoleta kelele nyingi kuliko wote, na kelele zenyewe zina vyanzo vinne tofauti. Kwanza vipimo: masafa futi 150, tufe la nusu kipenyo cha futi 20, dadu 8 za pande sita za moto, wastani 28. Anayefaulu kujinusuru kwa wepesi anapata nusu.

Chanzo cha kwanza: watu wanadhani Fireball inalenga adui. Inalenga mahali. Chagua makutano ya mistari ya miraba, usichague katikati ya mraba, kisha hesabu miraba minne kila upande. Mraba mmoja ni futi 5. Mraba unaofunikwa nusu au zaidi na duara umo ndani. Njia ya kumaliza hesabu ni kukata duara la manila: kama miraba ya ramani yenu ni ya sentimita 2.5, duara liwe na kipenyo cha sentimita 20, na litobolewe shimo dogo katikati ili lilale sawasawa juu ya makutano. Mkicheza barazani wakati wa upepo wa kusi, duara la karatasi litapeperuka na kuondoka na vipande vya wahusika. Tumieni vizibo vya soda kuwa wahusika, na muandike herufi juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Chanzo cha pili: kulenga mahali usipopaona. Mchawi yuko futi 10 kutoka ukutani na anasema, "Nailipua upande wa pili wa ukuta, futi 30 ndani." Sheria ya 2014 iko wazi: ukichagua mahali usipopaona na kizuizi kiko katikati, kitovu kinatokea upande wa karibu wa kizuizi hicho. Upande wa karibu ni upande wake. Kitovu kiko ukutani, yeye yuko futi 10 tu, na tufe lina futi 20. Ameungua pamoja na wenzake, na walio ndani hawajahisi hata joto. Msimamizi mwema humwambia mchezaji, kabla dadu haijarushwa, kile ambacho mhusika wake angekijua. Mchawi aliyesomea kazi yake anajua moto wake hautoboi ukuta.

Chanzo cha tatu: kona. Kanuni ya jumla ni kwamba nguvu ya uchawi inatoka kwenye kitovu kwa mistari iliyonyooka, na mahali ambapo mistari yote imezuiwa na sitara kamili hapamo. Lakini maandishi ya Fireball ya 2014 yanaongeza kwamba moto unazunguka kona. Kwa hiyo, chini ya sheria za 2014, aliyejibana nyuma ya kona ya uchochoro hajapona akiwa ndani ya tufe, na aliye nyuma ya mlango uliofungwa amepona hata akiwa mraba mmoja tu kutoka kwenye kitovu. Maneno hayo ya kona hayamo kwenye Fireball ya 2024. Huko kanuni ya jumla inatawala na aliye nyuma ya kona yuko salama. Wengine, kwa sheria za 2014, huhesabu futi 20 kwa kufuata mzunguko wa njia. Maandishi hayadai hivyo. Weka duara, angalia aliye ndani, kisha uliza swali moja tu: moto una upenyo wa kumfikia?

Chanzo cha nne ni ile kumbukumbu tuliyoitaja. Ukisikia "Fireball inajaa chumba chote, mita za ujazo zihesabiwe", hiyo inatoka kwenye AD&D, toleo la zamani la mchezo huu, ambako moto ulijaza futi za ujazo 33,000 na kufuata umbo la mahali. Ukisikia "ukitaka kuipitisha kwenye tundu jembamba lazima urushe dadu ya shambulio", hiyo ni ya toleo la 3.5 la 2003. Katika toleo la tano hakuna moja kati ya hizo. Tundu likiwa wazi na mahali pakiwa panaonekana, Fireball inapita.

Na jambo la mwisho, linalosahaulika hata na wasimamizi wazoefu: sitara dhidi ya mlipuko hupimwa kutoka kwenye kitovu. Mchawi hahusiki. Nguzo iliyokukinga na macho ya mchawi haikusaidii kitu kama moto umelipukia mgongoni mwako. Vuta mshipi upya kuanzia lile shimo la katikati ya duara.

"Simwoni, lakini najua yuko pale"

Adui haonekani kwa sababu ya uchawi, au ukungu umefunika ua. Tafuta maneno "unayemwona" kwenye maandishi. Magic Missile inayo, Hold Person inayo, Healing Word inayo. Hizo haziwezekani, mjadala umekwisha. Fire Bolt haina maneno hayo: inasema kiumbe au kitu kilicho ndani ya masafa. Basi taja mraba, rusha dadu mbili za pande 20, chukua iliyo ndogo. Kama adui hayumo kwenye mraba ule umekosa tu, na msimamizi hana haja ya kusema umekosa kwa nini.

Kutoonekana si sawa na kutojulikana ulipo. Mpaka afanye kitendo cha kujificha na afaulu, nyayo na pumzi zake zinasikika, na mchezaji ana haki ya kuambiwa mraba alipo. Fireball nayo haijali: asiyeonekana anaungua kama wengine, na kutoonekana hakumpi nyongeza yoyote ya kujinusuru.

Nafasi ya uchawi imekwenda na hakuna kilichotokea

Mchawi anamtupia Hold Person bwana mmoja mwenye adabu zake, kumbe ni vampaya. Vampaya ni mfu anayetembea, hahesabiwi katika jamii ya watu. Uchawi hauwezi kumshika. Je, nafasi ya uchawi, ile akiba inayopungua anapotupa, irudishwe?

Jibu liko kwenye Xanathar's Guide to Everything ya 2017: mlengwa asiyefaa haathiriki, nafasi ya uchawi imetumika, na ikiwa uchawi ule kwa kawaida haumfanyi kitu aliyefaulu kujinusuru, basi inaonekana kana kwamba amefaulu. Msimamizi arushe dadu nyuma ya kinga yake na aseme "amestahimili". Asiseme "hawezi kulengwa", kwa sababu hapo amefichua siri ya vampaya bure. Ni tofauti na yule wa nyuma ya kioo, ambaye kizuizi chake mchawi anakiona kwa macho. Huyo tunashauri mchezaji aonywe na aruhusiwe kubadilisha nia.

Ujanja wa kutumia Eldritch Blast kupima kama sanduku ni sanduku kweli au ni dubwana lililojigeuza unatibiwa kwa dawa hiyo hiyo. Maandishi ya 2014 yanasema inalenga kiumbe, hivyo mchezaji anataka kuambiwa kama "inakubali". Mwache arushe, mwale utoke, asipewe habari yoyote zaidi. Kwa sheria za 2024 inalenga kiumbe au kitu, na ujanja wenyewe umekufa.

"Nimejikinga, mbona nimeumia?"

Chanzo ni kudhani kwamba kulengwa na kushambuliwa ni kitu kimoja. Kipimo ni chepesi: pakirushwa dadu ya shambulio, hilo ni shambulio. Isiporushwa, si shambulio, hata kama inauma.

Mirror Image, inayokuzungushia vivuli vinavyofanana nawe, inahusu mashambulizi. Vivuli vyako havimchanganyi anayetupa Magic Missile, ambayo haina dadu ya shambulio na inapiga moja kwa moja. Shield, kinyume chake, inaitaja Magic Missile kwa jina na kuizima kabisa, lakini huwezi kuiinua mbele ya Fireball kwa sababu Fireball si shambulio wala si Magic Missile. Sanctuary ni pana zaidi: anayekulenga kwa shambulio au kwa uchawi wa kudhuru lazima kwanza arushe dadu ya kujinusuru kwa busara, na akishindwa achague mwingine au apoteze tendo lake. Ila haikukingi na kinachosambaa eneo zima. Adui mwerevu ataulipua mraba wa jirani yako.

Twinned Spell inakataa

Twinned Spell ni ujanja wa kuupeleka uchawi mmoja kwa viumbe wawili kwa kulipa pointi za uchawi. Hapa miaka miwili ya sheria inapingana waziwazi, kwa hiyo rudi kwenye pembe ya ramani uone mwaka. Kwa 2014, uchawi lazima usiwe wa masafa ya "mwenyewe" na usiwe na uwezo wa kulenga zaidi ya kiumbe mmoja kwa daraja unalotumia. Haste inafaa, kwa pointi 3. Magic Missile haifai hata ukielekeza vishale vyote vitatu kwa mtu mmoja, kwa kuwa vingeweza kugawanywa. Charm Person inafaa kwa nafasi ya daraja la kwanza, na haifai kwa ya pili. Fire Bolt nayo hapana, kwa jibu rasmi la waandishi, kwa sababu inaweza kulenga kitu.

Kwa 2024 mambo yamepinduka: unalipa pointi 1, na uchawi unaofaa ni ule ambao ukitupwa kwa nafasi ya juu unaongeza kiumbe mwingine. Charm Person sasa ndiyo inayofaa. Haste haifai tena.

Hakuna ramani, kila mtu ana picha yake kichwani

Msimamizi anasema uchawi umewapata wawili, mchezaji anasema alikuwa anawaona sita wamekusanyika. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinatoa hesabu ya haraka, na sehemu inayobaki inapandishwa juu. Tufe na silinda: gawa nusu kipenyo kwa 5. Mchemraba: gawa upana kwa 5. Koni: gawa urefu kwa 10. Mstari: gawa urefu kwa 30. Fireball ya futi 20 inawapata wanne, Burning Hands ya futi 15 inawapata wawili, Lightning Bolt ya futi 100 inawapata wanne. Kama wamebanana mlangoni, ongeza mmoja au wawili; kama wametawanyika uwanjani, punguza. Namba itajwe kabla dadu hazijarushwa, na mchezaji aulizwe kama bado anataka kutupa.